Kanuni ya Sauti Isiyo na Ila: Je, Ni Elimu au Ni Usemi Unaojizunguka?

Nia ya makala haya ni kuchungua swali moja ambalo wanafalsafa wamelishindania sana, nasi watu wa elimu ya lugha tumelibeba muda mrefu kuliko wao bila kulitaja kwa jina lake. Swali lenyewe ni hili: zile kanuni zitumiwazo kutenga sayansi na yale yasiyo sayansi, je, zasema neno lolote juu ya ulimwengu, au ni usemi unaojizunguka tu, mfano wa mtu asemaye kwamba yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi? Usemi wa namna hiyo wanafalsafa huuita tautolojia. Ni kweli siku zote, na kwa sababu hiyo hiyo hautuletei habari yoyote. Hatuna haja ya kumwendea yatima hata mmoja ili tujue kama ni kweli.

Swali hilo likiachwa katika ujumla wake halina mwisho. Kwa hiyo nitalishika kwa mfano mmoja, nao ni kanuni iliyotangazwa katika mji wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1876, kwamba kanuni za mabadiliko ya sauti hazina ila. Kanuni hiyo ndiyo iliyotenga elimu ya asili ya maneno na ubahatishaji. Ndiyo tunayoitegemea hata leo tusemapo kwamba -fa ya Kiswahili na -kua ya Kikuyu, yenye maana ya kufa, ni neno moja, ijapokuwa hayafanani. Na kwamba -kata ya Kiswahili na cut ya Kiingereza si neno moja, ijapokuwa yafanana kwa sauti na kwa maana. Ikiwa kanuni hiyo ni maneno yanayojizunguka, basi hukumu zote mbili hazina msingi, na mwenye kubahatisha ana haki sawa na mwenye kuchungua.

I. Swali la mpaka

Katika miaka ya 1920 na 1930 palikuwapo kikundi cha wataalamu katika mji wa Vienna, Austria, kiongozi wao akiwa Moritz Schlick. Hao waligawanya semi zote zenye maana katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni semi zilizo kweli kwa maana ya maneno yake tu, kama zile za hesabu na mantiki. Fungu la pili ni semi zinazoweza kuhakikishwa kwa kuona, kusikia na kupima. Lolote lisiloingia katika mafungu haya, wakasema, halina maana. Mwingereza A. J. Ayer aliieneza fikira hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1936. Lakini mara moja wapinzani waliuliza: je, kanuni hii yenyewe imo fungu gani? Haihakikishwi kwa macho wala kwa mizani. Basi ama haina maana, kwa hukumu yake yenyewe. Ama ni fasili ya neno “maana” walivyopenda wao kulitumia, yaani ni tautolojia.

Karl Popper, naye mzaliwa wa Vienna, alifuata njia nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1934. Alisema kwamba alama ya sayansi si kuhakikishwa bali ni kuweza kukanushwa. Nadharia ya sayansi hukataza jambo fulani lisitokee. Likitokea, nadharia huanguka. Mfano alioupenda ni wa tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa, na Waingereza wakapima katika kisiwa cha Príncipe na katika mji wa Sobral, Brazili, kama mwanga wa nyota hupindwa na jua kwa kadiri aliyoitaja Einstein. Kama vipimo vingalikataa, nadharia ingalikuwa mashakani mbele ya watu wote. Popper naye aliulizwa swali lile lile: je, kigezo chako chaweza kukanushwa? Jibu lake lilikuwa la unyofu. Alisema kwamba kigezo chake si habari juu ya ulimwengu. Ni pendekezo, ni mapatano kati ya watu wenye nia moja, na pendekezo hupimwa kwa matunda yake.

Ubishi haukukoma hapo. Mfaransa Pierre Duhem alikwisha kuonyesha tangu mwaka 1906 kwamba nadharia haifikishwi barazani peke yake. Huja pamoja na nyingine nyingi zinazoitegemeza, hata kipimo kikikataa hatujui ni ipi yenye makosa. W. V. Quine aliliendeleza jambo hilo mwaka 1951. Thomas Kuhn, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alionyesha kwa historia kwamba wanasayansi hawaiachi nadharia yao mara ya kwanza inapokwama. Mwaka 1982 swali hili lilifika hata mahakamani katika jimbo la Arkansas, Marekani. Jaji William Overton aliamua kwamba fundisho la uumbaji lililotakiwa lifundishwe shuleni pamoja na fundisho la mageuko ya viumbe si sayansi, na miongoni mwa vigezo vyake kilikuwamo hicho cha kuweza kukanushwa. Mwaka uliofuata Larry Laudan aliandika kwamba heri swali la mpaka liachwe kabisa, na mahali pake tuulize tu kama dai fulani lina ushahidi wa kutosha au halina.

Nimeyataja hayo kwa ufupi ili msomaji aone kwamba ugomvi wetu si wa peke yetu. Sasa tutazame ugomvi wetu wenyewe, ambao ulianza kabla Popper hajazaliwa.

II. Leipzig, 1876

Kabla ya karne ya 19 mtafuta asili ya maneno alikuwa huru kupita kiasi. Herufi yoyote iliweza kugeuka herufi nyingine yoyote, maadamu maana zimekaribiana. Mambo yalianza kubadilika Mdenmarki Rasmus Rask alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1818, na Mjerumani Jacob Grimm alipoupanga vizuri zaidi mwaka 1822. Walionyesha kwamba mahali penye p, t na k katika Kilatini na Kigiriki, lugha za jamii ya Kijerumani, Kiingereza kikiwamo, huwa na f, th na h. Na kwamba jambo hilo halikutokea katika neno moja au mawili, bali katika maneno mengi kwa utaratibu mmoja. Hata hivyo Grimm hakuona vibaya kuacha maneno kadhaa nje ya utaratibu wake. Kwake kanuni ilikuwa kama desturi ya mji: wengi huifuata, wachache huiacha.

August Leskien, mwalimu katika chuo kikuu cha Leipzig, hakuridhika na uhuru huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 alisema kwamba tukikubali ila zinazotokea kwa bahati tu, zisizo na sababu wala uhusiano, basi tunakiri kwamba lugha haiwezi kuchunguzwa kwa njia ya sayansi. Mwaka 1878 Hermann Osthoff na Karl Brugmann waliliweka neno hilo mbele ya watu wote kama bendera: mabadiliko ya sauti hufuata kanuni zisizo na ila. Wenzao wakawaita Wanasarufi Vijana, na jina hilo likabaki.

Na tuangalie vema namna ya hoja hiyo. Hawakusema kwamba wamehesabu maneno yote wakakuta hakuna lililopotoka. Walisema kwamba bila kanuni hiyo hakuna elimu. Yaani waliitumia kama mpaka: huku ni elimu, kule ni kubahatisha.

III. Shtaka

Kanuni yenye sura hiyo ilijipatia adui mapema. Mkubwa wao alikuwa Hugo Schuchardt wa chuo kikuu cha Graz, aliyetoa kijitabu juu yake mwaka 1885. Yeye aliona kwamba sauti hubadilika neno kwa neno, mtu kwa mtu na mahali kwa mahali, na kwamba mpaka walioupiga Wanasarufi Vijana kati ya badiliko la sauti na mvuto wa mfanano haupo katika vinywa vya watu. Hoja hiyo ni juu ya mambo yalivyo. Nyuma yake lakini limesimama shtaka zito zaidi, lililorudiwa na wengi, nami nitalisema kwa maneno yangu.

Mwenye kanuni asema: kila sauti A iligeuka kuwa B. Tukimletea neno lenye A isiyogeuka, hujibu moja katika matatu. Ama neno hilo lilikopwa baada ya badiliko kwisha. Ama limevutwa na maneno mengine yanayofanana nalo. Ama pana sharti fulani ambalo bado hatujaligundua. Milango yote imefungwa. Hakuna neno lolote, katika lugha yoyote, liwezalo kuipita ngome hiyo. Basi kanuni, ikivuliwa mapambo yake, yasema hivi tu: sauti zote hugeuka kwa utaratibu, isipokuwa zile zisizogeuka. Hiyo ndiyo tautolojia.

Shtaka hilo halifai kudharauliwa. Usemi wa Leipzig ukichukuliwa peke yake, kama maneno yaliyoandikwa ubaoni, kweli hakuna neno moja linaloweza kuukanusha. Wala si sisi peke yetu tuliotiwa lawamani hivyo. Popper mwenyewe aliwahi kusema kwamba nadharia ya Darwin ya uchaguzi wa asili ni karibu ya tautolojia, kwani anayesalia ni anayefaa, na anayefaa hujulikana kwa kusalia; kisha katika makala aliyoyachapisha mwaka 1978 akaiondoa hukumu hiyo. Jambo linalopasa kuulizwa ni kama kanuni hufanya kazi peke yake, au hufanya kazi pamoja na nyudhuru zake, na kama nyudhuru hizo hutolewa bure.

IV. Udhuru wenye shahidi

Hebu tutazame udhuru uliokuwa mashuhuri kuliko zote. Kilatini kina pater, baba, na frater, ndugu. Yote mawili yana t katikati. Kwa kanuni ya Grimm tungetazamia th katika lugha za jamii ya Kijerumani. Kigothi cha kale kina th katika neno la ndugu, lakini katika neno la baba kina d. Kwa miaka zaidi ya 50 jambo hilo lilihesabiwa kuwa ila tu.

Mdenmarki Karl Verner alitoa sababu katika makala aliyoyaandika mwaka 1875, yakachapishwa mwaka 1877. Alisema kwamba sauti hiyo ilibaki th palipokuwa na mkazo kwenye silabi iliyoitangulia. Mkazo ulipokuwa mahali pengine, iligeuka. Mtu aweza kudhani kwamba huo ni ujanja wa kuinusuru kanuni, hasa kwa kuwa lugha za Kijerumani zenyewe zilikwisha kuusogeza mkazo kwenye silabi ya kwanza ya maneno yote, na ushahidi ukapotea. Lakini Verner alikuwa na shahidi kutoka mbali. Kisanskriti cha kale cha India kiliuhifadhi mkazo wa zamani, nao wasomaji wa Veda waliuandika kwa uangalifu mkubwa. Humo neno la baba, pitár, lina mkazo mwishoni. Neno la ndugu, bhrā́tar, lina mkazo mwanzoni. Wahifadhi hao wa India hawakuwa na kesi na konsonanti za Kijerumani, wala hawakujua kama ziko. Ushahidi wao haukutungwa kwa ajili ya kanuni. Tena udhuru wa Verner haukuwa wa neno moja: uliyagusa maneno mengi pamoja, na kila moja lingaliweza kumwaibisha.

Mfano wa pili ni wa Ferdinand de Saussure. Mwaka 1879, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu, alidai kwamba vokali za lugha za Kihindi-Kiulaya haziwezi kupangwa kwa kanuni zisizo na ila mpaka tukubali kwamba zamani zilikuwapo sauti fulani ambazo hazikubaki katika lugha yoyote iliyojulikana wakati ule. Huo ulionekana kuwa udhuru wa kupita kiasi: sauti zisizosikika popote! Saussure alifariki mwaka 1913. Mwaka 1915 Bedřich Hrozný alionyesha kwamba Kihiti, lugha ya vigae vya udongo vilivyofukuliwa katika nchi ya Uturuki, ni ya jamii hiyo hiyo. Na mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz alionyesha kwamba Kihiti kina konsonanti mahali pale pale ambapo Saussure alidai iliwahi kuwapo sauti.

Mfano wa tatu ni wa Marekani. Mwaka 1925 Leonard Bloomfield, akilinganisha lugha za Kialgonkini zisizokuwa na maandishi ya kale, alikuta maneno machache yenye mzizi wa “wekundu” ambayo hayakuingia katika utaratibu wa mengine. Angaliweza kuyaacha kama ila. Badala yake alidai kwamba palikuwa na mfungamano wa konsonanti mbali na mingine yote. Baadaye alipata habari za lahaja moja ya Kikri ya Manitoba, Kanada, ambayo ina mfungamano wa peke yake katika mzizi huo, naye akalitangaza jambo hilo mwaka 1928. Edward Sapir aliliona kuwa na uzito hata akaliandikia makala mwaka 1931, katika kitabu kilichohusu njia za sayansi ya jamii.

Katika mifano hii mitatu udhuru uliotolewa kwa ajili ya kuinusuru kanuni ulikuwa wenyewe dai jipya, na dai hilo lilikataza jambo mahali pengine. Kama Kisanskriti kingalikuwa na mkazo kinyume, Verner angalianguka. Tautolojia haina hatari ya namna hiyo.

V. Kiswahili na Kikuyu

Msomaji wa jarida hili atataka kujua kama mambo haya yahusu lugha zetu. Yahusu sana, na twaweza kuyapima hapa hapa.

Kila mwanafunzi ajua kwamba mpika chakula ni mpishi, mwenye kuandika ni mwandishi, mwenye kufuata ni mfuasi, mwenye kugomba ni mgomvi, na mwenye kulinda ni mlinzi. Konsonanti ya mwisho ya kitendo hugeuka mbele ya -i. Lakini mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona twasema -pikia wala si -pishia? Mbona twasema mti wala si msi? Kumbe k na t hugeuka mbele ya i mara nyingine, na mara nyingine hazigeuki. Sikio la Mswahili halisikii tofauti yoyote kati ya i ya mpishi na i ya -pikia.

Carl Meinhof, katika kitabu chake juu ya sauti za lugha za Kibantu kilichotoka mwaka 1899, alijibu kwamba lugha mama ya Kibantu ilikuwa na i mbili na u mbili. Moja katika kila jozi aliiita nzito, nayo ndiyo iliyogeuza konsonanti iliyoitangulia. Kiswahili kilizichanganya, zikawa moja moja, hata zikabaki vokali tano badala ya saba. Mshtaki wetu atacheka: konsonanti hugeuka mbele ya i inayogeuza, na haigeuki mbele ya i isiyogeuza! Na kama tungalikuwa na Kiswahili peke yake, asingalikuwa na kosa kucheka.

Lakini ziko lugha za Kibantu zilizohifadhi vokali saba, na Kikuyu ni moja. Katika maandishi ya Kikuyu herufi ĩ na ũ huandikwa mbali na i na u, maana wenyewe huzisikia mbali. Basi kanuni ya Meinhof, ingawa imesemwa juu ya Kiswahili, yakataza jambo katika Kikuyu: mahali ambapo Kiswahili kina f iliyotokana na t au k mbele ya u, Kikuyu lazima kiwe na u, wala kisiwe na ũ, na mahali ambapo Kiswahili kimebakiza t au k, Kikuyu lazima kiwe na ũ. Tazama:

Kiswahili -tuma (mjumbe): Kikuyu -tũma
Kiswahili -fuma (nguo): Kikuyu -tuma (kushona, kusuka)
Kiswahili -kua (kwa mtoto): Kikuyu -kũra
Kiswahili -fa: Kikuyu -kua
Kiswahili -fua (chuma): Kikuyu -tura

Mgeni akisikia -tũma na -tuma za Kikuyu aweza kudhani ni neno moja lenye maana mbili. Kiswahili chamwambia kwamba ni maneno mawili tangu zamani za kale. Na Mswahili asiyeona sababu ya -tuma kubaki na t, na -fuma kuwa na f, hujibiwa na Kikuyu. Kila lugha ni shahidi wa mwenziwe, na hakuna iliyotungwa kwa ajili ya nyingine. Habari ya i ni hiyo hiyo: mti wetu ni mũtĩ, na Mkuyu mwenye kulima ni mũrĩmi, mwisho wake ukiwa i, ilhali kulimia ni -rĩmĩra, yenye ĩ. Hizo ndizo i mbili za mpishi na za -pikia. Kama tungalikuta mambo kinyume, na katika maneno mengi, hakuna maneno ambayo yangalimwokoa Meinhof.

VI. Mkopo na mvuto

Zimebaki nyudhuru mbili, mkopo na mvuto wa mfanano, nazo ndizo zinazotumiwa ovyo kuliko zote.

Chukua neno tisa. Lina t mbele ya i. Aweza mtu kusema, “Ni la mkopo,” na kama sababu yake ni hiyo t tu, amejizungusha. Lakini neno hili lina mashahidi wengine. Kiarabu kina neno hilo hilo kwa maana hiyo hiyo. Linakwenda sambamba na sita na saba, nayo ni ya Kiarabu. Na neno la zamani la Kibantu, kenda, bado lajulikana. Tungejua kwamba tisa ni la mkopo hata kama sheria ya t isingalikuwapo kabisa.

Sasa chukua mshindi. Kutokana na -penda tumepata mpenzi, na kutokana na -linda tumepata mlinzi. Kwa nini basi -shinda haikutoa neno lenye nz? Twasema kwamba mshindi limevutwa na -shinda, ambayo husikika kando yake kila siku. Je, huo ni udhuru mtupu? Ungalikuwa mtupu kama ungaliweza kutumiwa popote. Lakini mvuto wahitaji mvutaji. Neno -fa halina jamaa yeyote katika Kiswahili mwenye k wa kulirudisha nyuma. -Fuma halina jamaa mwenye t. Kwa hiyo nadharia ya mvuto yatabiri kwamba ila zitapatikana katika maneno yenye jamaa walio hai, wala si katika maneno yaliyo pweke. Zikionekana zimetapakaa sawasawa pande zote mbili, nadharia imekosea. Tena yuko shahidi wa pembeni: maneno mengi ya watendaji huundwa kwa -aji, kama mwindaji, mwombaji na mtendaji, na umbo hilo huacha sura ya kitendo ilivyo. Wasemaji wenyewe wametuonyesha kwamba wapenda kuiona sura hiyo.

Mfano wa mwisho ni -iba. Kwa kuwa -gomba imetoa mgomvi, twatazamia mwivi, na neno hilo limo katika kamusi. Lakini mwizi ndilo lililoenea. Mtu akisema tu kwamba mwizi limetoka lahaja nyingine, hajafasiri kitu. Akiongeza kwamba watu wa Lamu husema zitu na zita mahali ambapo watu wa Unguja husema vitu na vita, ameanza kufasiri, maana ameonyesha kwamba z hiyo ina kwao. Akionyesha na maneno mengine yaliyosafiri njia hiyo hiyo, amefasiri. Mpaka hapo neno hili na liandikwe katika safu ya yale yanayongoja, wala hakuna aibu.

Kwa upande wa -kata na cut, hakuna safu ya kungojea. Jozi hiyo haina mwenziwe. Hatuwezi kutaja maneno mengine kumi ya Kibantu na ya Kiingereza yenye ulinganifu huo wa k kwa k na t kwa t, na yasiyokuwa ya mkopo. Mfanano wa neno moja waweza kutokea kwa bahati kati ya lugha zozote mbili.

VII. Hukumu

Sasa twaweza kurudi kwenye swali. Usemi kwamba kanuni za sauti hazina ila umechukuliwa kwa namna tatu, na ubishi mwingi umetokana na kuzichanganya.

Kwanza, waweza kuwa fasili: badiliko lisilo na utaratibu hatuliiti kanuni ya sauti. Ukichukuliwa hivyo ni tautolojia, na mshtaki ameshinda.

Pili, waweza kuwa habari juu ya wasemaji: kwamba sauti ikigeuka, hugeuka katika maneno yote yenye sharti hilo kwa pamoja. Ukichukuliwa hivyo si tautolojia hata kidogo, na dalili yake ni kwamba umepingwa kwa ushahidi. Mwaka 1969 William Wang alileta hoja kwamba badiliko laweza kuenea neno kwa neno, naye pamoja na wenzake walitegemea hasa habari za lahaja za Kichina, ambamo waliona mabaki yasiyoelezeka kwa sharti la sauti. Wengine walijibu kwamba mabaki hayo yalitokana na mchanganyiko wa lahaja. Mwaka 1981 William Labov alitafuta suluhu, akasema kwamba yako mabadiliko ya namna zote mbili, na kazi yetu ni kujua lipi ni la namna ipi. Hakuna mtu anayekusanya maelfu ya maneno ili kuipinga tautolojia. Neno moja haliwezi kuiangusha kanuni, hilo kweli. Lakini mabaki mengi yaliyokosa shahidi katika kila mlango yaweza kuipunguza mamlaka yake, nayo yameipunguza.

Tatu, waweza kuwa sheria ya kazi: usikubali ila bila kutafuta sababu yake. Sheria ya kazi si kweli wala si uongo, kama vile agizo “pima mara mbili kabla ya kukata” lisivyo kweli wala uongo. Hapo jibu la Popper ndilo jibu letu. Agizo la namna hiyo lilimsukuma Verner, likamsukuma Saussure, likamsukuma Meinhof. Na wale waliokubali ila kwa urahisi hawakusukumwa na kitu.

Nimelichukua jambo hili kwa bidii kwa sababu katika pwani yetu asili ya maneno haijawa kamwe mchezo wa wasomi tu. Kwa mfanano wa neno moja au mawili watu wamehukumiwa kuwa wageni au wenyeji, Kiswahili chenyewe kimeitwa Kiarabu kilichoharibika, na majina ya miji yamepewa historia ambayo hakuna mwenye kuijua. Wanaofanya hivyo wakiulizwa kanuni, hujibu kwamba hata kanuni zetu ni maneno yetu wenyewe tuliyoyafunga mlango ili yasishindwe. Wastahili kujibiwa kwa kazi, wala si kwa kudharauliwa.

Kwa hiyo ningependa kila atakayeleta asili ya neno mbele ya wenzake ajiulize mambo matatu. Je, ulinganifu nilioutaja una jozi ya pili, na ya tatu, na nyingine zaidi? Je, udhuru nilioutoa kwa neno lililokataa una shahidi asiyehusika na kesi hii? Na je, naweza kutaja, kabla ya kwenda kutafuta, neno ambalo nikilikuta nitaiondoa hoja yangu? Asiyeweza kulijibu swali la tatu na asitangaze asili ya neno hilo. Aliandike katika safu ya yale yanayongoja, pamoja na mwizi, mpaka shahidi apatikane.